Kioo cha Tatu

Makala ilikuwa itumwe kwa jarida kubwa la sayansi saa kumi. Saa saba kasoro, mtafiti bado alikuwa mbele ya hadubini, goti likimchezacheza chini ya meza.

Matokeo yalikuwa mazuri mno, na hilo ndilo lililomnyima raha. Alikuwa amepaka nukta za kwanta, punje za semikondakta, kama ya chipu za kompyuta, ndogo kuliko kirusi chochote, juu ya vijiti vya dhahabu. Zilipopigwa leza ziling'aa mara arobaini zaidi kuliko zilipokuwa kwenye kioo kitupu, na kuzimika upesi zaidi. Makala ilisema dhahabu ndiyo iliyozihimiza kung'aa. Shahada yake ya udaktari ilitegemea makala hiyo.

"Dada, hilo goti litanitikisia leza," alisema fundi wa maabara.

"Kaka, dhahabu peke yake tuliwahi kuipima?"

"Tuipime ya nini? Unaolewa?"

"Nayo hung'aa ikipigwa leza. Na huzimika papo hapo."

Fundi aliacha kufuta lenzi.

Zamu yao ya leza ilidumu saa mbili tu. Kila mara walianza na nukta kwenye kioo kitupu, kisha nukta kwenye dhahabu. Kioo cha tatu, chenye dhahabu bila nukta, kiliachiwa zamu ijayo. Miezi mitano kilikuwa kwenye droo, hata utepe wa kisanduku haujakatwa.

Waliukata. Kihesabu mwanga kikapanda, kikaendelea kupanda. Mtafiti alitoa hesabu ya kioo cha tatu kwenye ile ya kioo cha pili, akarudia mara mbili. Arobaini ikabaki sita.

Alimpigia msimamizi wake.

"Profesa, ni mara sita. Nyingine zote ni mwanga wa dhahabu yenyewe."

"Una hakika?"

"Nimepima sehemu moja tu ya kioo."

"Kwa mara sita, jarida lile halitasoma hata muhtasari wetu."

"Najua. Lakini hizo sita ni za nukta kweli."

"Leza mnayo mpaka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Pima sehemu nyingine tano. Leo hatutumi kitu."

Alikata simu. Shahada ilikuwa imerudi nyuma mwaka mzima, pengine zaidi. Alisogeza kioo kidogo kulia na kuweka jicho kwenye hadubini.

"Dada," alisema fundi, "goti."