Goan-tek Anacheka

Siok-hun alipiga magoti mbele ya picha ya mumewe, akashika viganjani vile vipande viwili vya mti vya kuulizia wafu, vilivyochongwa kama mwezi mchanga, akauliza kama alivyouliza jana na juzi.

"Goan-tek, nikifungue kile kimti chako?"

Akaviachia. Viligonga sakafu, vikayumba, vikatulia. Vyote viwili vililala upande bapa juu.

Pale kijijini Tianwei hata mtoto anajua kuvisoma. Kimoja bapa na kingine mgongo, marehemu amekubali. Vyote migongo juu, amekataa. Vyote bapa juu, anacheka tu, hajajibu.

"Anacheka tena," alisema Beng-hui, mdogo wa marehemu. Alikuwa amesimama mlangoni, mkasi wa kupogolea umemtokeza mfukoni.

"Anacheka nini? Mimi sioni cha kuchekesha."

"Labda anakucheka wewe, shemeji. Mtu mzima kila asubuhi unaomba ruhusa kwa picha."

"Chunga mdomo wako. Mtu aliyepewa vijiti vya kulia akarudisha kimoja, naye ana la kusema nyumbani kwangu?"

Beng-hui akashusha pumzi. "Haya, tumeanza."

Hicho kijiti kilikuwa ugomvi wa miaka. Siok-hun aliletewa na mama yake, siku ya harusi, seti ya vijiti vya kulia vya chuma kisichoshika kutu, kila kimoja kimechorwa ua la mplamu kichwani. Aliitunza seti ile kama macho yake. Kisha kiangazi kimoja aliwapelekea ndugu hao wawili wali na mayai uani, walikokuwa wakishughulika na miti yao, na vyombo viliporudi kijiti kimoja hakikuwemo. Goan-tek alisema yeye vyake aliviweka bakulini. Basi aliyebaki ni nani? Tangu siku hiyo, Beng-hui akija kula, shemeji yake humpa vijiti vya mianzi vya kutupa, vile vya dukani, na humwangalia mpaka amalize.

Siku ile ile ndiyo Goan-tek alipokifunga kile kimti. Kilikuwa kichipukizi cha mtini wa majani madogo, kilichojiotea kwenye mfereji wa paa la nyumba yao ya zamani. Goan-tek alikikalisha juu ya jiwe jeusi la mtoni, akaipanga mizizi yake ishuke kwenye nyufa za jiwe, akaizungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli kuanzia juu hadi chini, kisha akalifukia jiwe lote kwenye chungu kirefu. Kinachofuata ni kusubiri. Mizizi hunenepa gizani, ikabanwa na mpira, ikashikana na jiwe mpaka vikawa kitu kimoja.

"Usikifungue mpaka nikuambie," alimwambia mkewe jioni hiyo. Akarudia, kwa sauti ya mtu asiyetania: "Hata nikiwa sipo, usikiguse. Nitakuambia."

Hakumwambia. Moyo wake ulisimama mwaka uliofuata, katikati ya vyungu vyake, mpira wa maji bado unamwaga. Tangu hapo Siok-hun alikuwa akikinywesha kile kimti kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha supu ya tambi, na hakuruhusu mkono wa mtu ukiguse. Chama cha wapenzi wa bonsai, miti midogo ya chunguni, kilimwomba kazi hiyo ya mwisho ya marehemu ionyeshwe kwenye maonyesho ya vuli. Alikataa. Neno la mumewe lilikuwa limebaki wazi, na mradi kimti kimefungwa, alijiona kama mtu ambaye bado anangoja kuambiwa jambo.

Lakini kiangazi hiki matawi ya upande wa kulia yalianza kugeuka manjano. Mtini hauugui ovyo. Ukiona mtini umegeuka manjano wakati wa joto na mvua, ambapo hata fimbo iliyochomekwa ardhini huchipua, ujue kuna kinachounyonga.

"Njoo uone," alisema Beng-hui, akatangulia uani. Akafukua udongo kwa kidole shingoni mwa kimti. Mpira ulikuwa umezama kwenye mzizi kama pete kwenye kidole kilichovimba. "Mpira huu ulitakiwa kutoka mwaka jana. Ukingoja tena, upande huu utakufa, na ukifa huu na ule mwingine utafuata."

"Alisema nisikiguse mpaka aniambie."

"Nilikuwepo, nilisikia. Lakini kaka hana tena mdomo, shemeji. Utabaki na neno lake na mti umekufa."

Siok-hun aliyashika majani yale ya manjano. Mawili yakabaki mkononi bila hata kuyavuta. Alirudi ndani, akavirudisha vile vipande vya mti mahali pake kando ya picha, akasimama kidogo.

"Basi acheke," alisema. Akachukua mkasi wake wa jikoni.

Walikivunja chungu pole pole kwa nyundo ndogo. Beng-hui akausukuma udongo kwa maji, ukateremka tope tope mpaka likabaki furushi jeusi la mpira, refu kama mkono hadi kiwiko, na kichwa cha majani juu yake.

"Kata wewe," alisema Beng-hui.

"Mimi ni mtu wa tambi. Nikikata mzizi je?"

"Tambi huzikati? Ingiza ncha chini ya mpira, inua, kata. Usiharakishe."

Alikata. Vipande vikafunguka kimoja kimoja, na chini yake ikatokea mizizi ya rangi ya kahawa ya maziwa, laini, imelalia jiwe na kulifuata kila mahali lilipopinda. Siok-hun hakuwa ametarajia ingekuwa mizuri hivyo. Alipitisha kidole kwenye mmoja, akaufuata mpaka ulipoingia ufani. Hii ndiyo mikono ya Goan-tek, aliwaza.

Kisha wakafika mbele, kwenye mzizi mnene kuliko yote, ule unaolisha upande wa kulia. Huo peke yake haukulala kwenye jiwe. Ulikuwa umejiinua, umevimba katikati, na pembeni mwa uvimbe kitu kikametameta. Siok-hun akapangusa tope kwa kidole gumba.

Ua la mplamu.

Kisha Beng-hui akaweka mpira wa maji chini, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasema kwa upole mkubwa:

"Shemeji. Naomba uniangalie usoni."

"Nyamaza."

"Miaka yote hii, vijiti vya kutupa. Mbele ya watu. Mbele ya mke wangu."

"Nyamaza, Beng-hui," alisema, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kumponyoka. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alipokuwa amekaa hapo kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso kwa mikono yenye tope.

Haikuhitaji maelezo. Mafundi wote wa pale husukumia mizizi ufani kwa vijiti vya kulia. Goan-tek alikuwa ametoka kula, akatumia alichokuwa nacho, akakiacha kimebana mzizi huku akizungusha mpira, akazungusha mpaka mwisho.

"Alikumbuka baadaye," alisema Beng-hui, akichuchumaa karibu naye. "Sasa naelewa. 'Usikifungue mpaka nikuambie.' Mimi nilidhani ni siri ya ufundi. Kumbe alitaka awe wa kwanza kukifungua, akitoe kijiti kabla hujakiona."

"Alikuwa akiniogopa mimi?"

"Kila mtu anakuogopa ukifika kwenye vile vijiti."

Siok-hun alijifuta macho kwa mkono wa blauzi. Neno alilokuwa amelibeba kama wasia lilikuwa ujanja wa mume aliyepoteza kijiti. Alidhani ataumia kulijua. Badala yake kifua kilikuwa chepesi, na Goan-tek alikuwa karibu kuliko siku nyingi, yule yule, mwenye makosa madogo na uso wa mtu asiye na hatia.

Ila mti ulikuwa bado mgonjwa. Beng-hui aliupapasa uvimbe. "Kikibaki kitaunyonga. Njia rahisi ni kuukata mzizi huu wote. Upande wa kulia tutaupoteza, lakini tutaugeuza mti, nyuma iwe mbele. Kule mizizi ni safi. Nitautengeneza uwe mzuri."

"Uwe mzuri wako, si wa Goan-tek."

"Uwe mzima, shemeji."

"Hapana. Lete maji."

Alikishika kijiti kwa vidole viwili pale kwenye ua, akakizungusha kidogo tu, akarudi, akazungusha tena, huku Beng-hui akitiririsha maji. Utomvu mweupe ulitoka ukanata vidoleni. Alifanya hivyo mpaka jua lilipofika juu ya ukuta, na mwishowe kijiti kikateleza nje chote. Nyuma yake ukabaki mfereji mwembamba, umenyooka, ndani ya mzizi uliokuwa mzima.

Alasiri hiyo waliutengeneza. Beng-hui aliyanyofoa majani yote ili nguvu irudi kwenye mizizi, akafupisha kilele, akayavuta matawi chini kwa waya wa alumini. Alipofika kwenye kuchagua uso wa mti, akaugeuza ili mfereji uende nyuma. Siok-hun akaurudisha.

"Uso ni huu."

"Waamuzi wa maonyesho wataiona kasoro."

"Waione. Wakiuliza, wataambiwa."

"Wataambiwa nini?"

"Kwamba fundi alikuwa amekula mchana."

Beng-hui aliangalia mfereji, akaangalia picha ndani kupitia mlango uliokuwa wazi, akaguna. Kisha akampa mkasi. Lilibaki tawi moja la mbele lililozidi urefu, na akamwonyesha pa kukata.

Siku zilizofuata mti ulikaa chini ya neti ya kivuli, uchi, na Siok-hun aliukagua kabla ya kupika na baada ya kupika. Upande wa kushoto ulichipua kwanza. Upande wa kulia ulikaa kimya mpaka akaanza kukosa usingizi. Asubuhi moja yenye manyunyu aliinama na kuona ncha ya kijani, ndogo kama punje ya mchele, kwenye tawi lile lile alilolikata mwenyewe. Kando yake ilikuwepo nyingine.

Alimwita Beng-hui aje kula. Akamwekea wali, mayai na figili za kukaanga, na kando ya bakuli akamlazia vijiti viwili vya chuma vyenye maua ya mplamu.

Beng-hui alivitazama, akala. Alipomaliza alivipangusa, akavilaza juu ya bakuli, akalisukuma bakuli hadi mbele ya shemeji yake.

"Angalia vizuri," alisema. "Viwili."