Firauni Mcha Mungu

Katika duka la kompyuta la Bi Kaniz, Mlandege, Hamed alikuwa Firauni wa mchezo wa vita, tena Firauni wa kushindwa kila siku, maana alikataa kuwajengea Wamisri wake hekalu, na mchezoni bila hekalu jeshi halipati nguvu.

"Mie sijengi nyumba ya masanamu, Bi Kaniz. Shirki hiyo."

Bi Kaniz akabetua midomo. Jana tu mcha Mungu huyu kachoma vijiji vitatu huku akicheka.

Mara ikaadhiniwa alasiri msikiti wa jirani. Wenziwe wote waliokuwa kwenye kompyuta nyingine wakainuka.

"Hamed, sala hiyo!"

"Nnakuja," akajibu, macho kwenye skrini. "Nshauzingira mji, niuteke kwanza."

"Basi lijenge hilo hekalu," akasema Bi Kaniz, "angalau uwe na pa kusali."