Santuri Zilizooshwa Majina

Ujumbe wa Nasike ulimfikia Ngari Alhamisi asubuhi, akiwa anapangusa santuri dirishani. "Dijei, Jumamosi ni ukumbusho wa mama. Kuja na rekodi yake. Nataka kuiweka mezani, wajukuu waone jina." Ngari akausoma, akaiweka simu kifudifudi, akaiinua akausoma tena.

Shida haikuwa santuri. Santuri ilikuwepo, safi kuliko alivyoichukua. Shida ilikuwa jina.

Ngari, mwana wa Gathii, alikuwa mtoto wa wakulima wa mahindi wa nje ya Kitale, na kazi yake hakufundishwa na mtu. Kila Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani, alipiga muziki katika ghala tupu la mahindi, bila bango wala tangazo, aliyejua alijua. Alipiga santuri za zamani tu, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, alizozitafuta nyumba kwa nyumba kutoka Saboti hadi Malakisi. Habari za waimbaji hakuziuliza sana. Aliuliza santuri yenyewe: mdundo unaanzia wapi, unalegea wapi, gita linapanda lini. Pale mwimbaji anapoacha kuimba na kuanza kusalimu jamaa zake, kama walivyopenda wazee wa zamani, ndipo alipoingiza wimbo mwingine. Maneno huua dansi.

Na santuri aliyoipenda kupita kiasi aliiosha. Aliilowesha karatasi ya katikati kwa maji ya uvuguvugu, akaikwangua kwa ukucha, polepole, hadi likabaki duara jeusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yake. Derrick, dijei wa Bungoma, alikuwa na tabia ya kuja kumsalimia penye mashine za santuri huku jicho likisoma lebo. Wiki ya pili wimbo huo ungelia kwake. Basi Ngari akaosha moja, akaosha nyingine, mkono ukazoea. Mkono uliozoea hauulizi. Aliiosha hata hii aliyoazimwa na Nasike, na alipokumbuka kwamba si yake, maji yalikuwa yamekwisha kumwagwa.

Alhamisi hiyo hiyo alikwenda kwa mchapishaji wa kadi za harusi ili amtengenezee lebo nyingine. Akasimama mlangoni. Ile ya kwanza ilikuwa ya kijani au ya buluu? Jina lilianza na Edah au na Nabwile? Akageuka, akaondoka bila kusalimu. Ijumaa alijaribu kupanga muziki wa Jumapili, na kila nyimbo mbili alizoziunganisha ziligongana kama ng'ombe langoni.

Jumamosi aliingia Bungoma na mashine moja ya santuri mgongoni. Hakuwa ameombwa aje nayo. Aliona aibu kufika na ile santuri peke yake. Nyumbani kwa Nasike, Mama Wekoye, fundi wa nguo karibu na reli, hema lilikuwa limesimamishwa na wanawake walikuwa wakimenya viazi.

"Umefika, mtoto wa Gathii," Nasike alisema, akijifuta mikono. "Leta."

Akaitoa santuri kwenye bahasha yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii si yenyewe."

"Ni yenyewe, Mama Wekoye."

"Sasa jina iko wapi?"

"Niliitoa."

"Ilikuwa inakukosea nini?"

"Tunafanyanga hivyo ndio madijei wengine wasijue wimbo ni ya nani."

"Na hao watu wako wa Kitale, wakicheza, wanajua ni nani anaimba?"

"Hapana."

Beth, jirani aliyekuwa na kisu na kiazi mkononi, akatikisa kichwa. "Ati amemwosha marehemu mara ya pili. Si ungekuja na sanda pia, bana."

Wanawake wakacheka. Nasike hakucheka.

"Mama aliimba hiyo wimbo moja pekee, babu akamkataza. Jina yake ilikuwa hapo na kwa kaburi, basi. Sasa utasimama mbele ya hawa watu, useme mwenyewe ni ya nani. Halafu uipige yote. Usikate."

Ngari akatazama hema. Kando ya spika alisimama Derrick, aliyekodiwa kupiga nyimbo za kanisa.

"Niaje, Ngari," Derrick alisema alipokuwa akimuunganishia nyaya. "Leo umetuletea ile gani haina uso?"

Ngari akashika kipaza sauti, kitu ambacho ghalani hakukigusa kamwe, na sauti yake ikatoka nyembamba.

"Huu wimbo ni wa Edah Nabwile."

"Wa Malakisi," mzee mmoja akaongeza kutoka nyuma.

"Wa Malakisi," Ngari akarudia.

"Binti ya Wamalwa."

"Binti ya Wamalwa."

Derrick alikuwa ametoa simu, anaandika. Ngari alimwona, akashusha sindano.

Wimbo ukaenda vizuri hadi pale alipozoea. Gita likalegea, Edah akaacha kuimba, akaanza kusema. Mkono wa Ngari uliinuka wenyewe, akautia mfukoni. Kibukusu, lugha ya Edah, hakukijua, lakini majina aliyasikia. Kwa jina la kwanza mzee yule akainua fimbo yake. Kwa la pili hakuinuka mtu, na mnong'ono mfupi ukapita vitini. Kwa la tatu, bibi mmoja aliyeketi karibu na masufuria akaitika, "Eeh," kama mtu aliyeitwa kutoka nje ya ua. Ngari alijua wimbo huu kwa vidole vyake vyote, na hapa hakuwahi kufika.

Ulipokwisha, Nasike aliiondoa santuri mwenyewe, akaifunga kwa leso.

"Hii inabaki."

"Sawa, mama."

"Uko na zingine umeosha?"

"Ziko."

"Za nani?"

Ngari akaanza kutaja. Baadhi alizikumbuka.

Jumapili, saa ya watu kutoka kanisani, alikuwa Saboti na santuri nyingine aliyoiosha, kwenye nyumba ambayo alidhani ndiko ilikotoka. Mama mwenye nyumba, Chepkemei, alitoka akamtambua.

"Wewe ni yule wa rekodi. Zilikwisha."

"Sitaki zingine, mama. Nataka kujua hii ni ya nani."

Chepkemei akaipokea, akaitazama katikati, akamrudishia.

"Hizo ni mzee anajua. Ako shamba, anapalilia. Atarudi jioni."

Simu ilitetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Ghalani wachezaji walikuwa wamefika, na mlango ulikuwa umefungwa. Ngari akairudisha santuri kifuani chini ya koti.

"Shamba liko upande gani?" akauliza.