Namba Iliyorudi Nyuma

Pale hospitalini walimwita Mama Mtandao, ingawa hakuwa hata na mtoto wa kusingiziwa. Kazi yake ilikuwa mfumo wa maabara, ule ambao manesi huufungua kwenye kompyuta za wodini kuangalia majibu ya wagonjwa. Kilichompa maringo zaidi ni namba. Kila sampuli ikisajiliwa, jedwali la mfumo lenyewe linaipa namba inayofuata, moja juu ya iliyotangulia, bila mtu kugusa kitu. Namba hiyo inabandikwa kwenye chupa ya sampuli, kwenye utepe wa mkononi mwa mgonjwa na kwenye mfuko wa damu aliotengewa. Majina, jinsia na umri aliviondoa yeye mwenyewe kwenye skrini za wodini, maana siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa. "Namba haina umbea," alipenda kusema, na watu wakacheka.

Jumatatu hiyo alikuwa na kila sababu ya kujipongeza. Ijumaa jioni seva, ile kompyuta kuu ya mfumo, ilikufa ghafla, na Jumamosi asubuhi akaifufua kwa nakala ya akiba kabla wagonjwa hawajajaa. Mganga mkuu mwenyewe alipiga simu kumshukuru.

Chai ilikuwa bado mdomoni kaka yake alipopiga. Mkewe alilazwa pale pale hospitalini Ijumaa mchana, akisubiri upasuaji wa kujifungua, na damu ilikuwa imempungua mno.

"Wifi yako anakusalimia," kaka alisema. "Anasema mtoto akitoka na pua yako, anamrudisha alikotoka."

"Mwambie ataililia hiyo pua."

"Sasa nisikilize, wewe mtaalamu. Hivi damu ya mtu hubadilika? Kadi yake ya kliniki imeandikwa A. Nesi kafungua kompyuta yako, anasema B. Ndiyo wanataka kumwekea sasa hivi."

"Namba yake?"

"8127. Haya, naitwa huku." Akakata.

Aliiandika. Skrini yake, tofauti na zile za wodini, haikuficha kitu: mwanamume, mzee, wodi ya wanaume, kasajiliwa Jumamosi. Kundi B.

Ile nakala ilikuwa ya alfajiri ya Ijumaa. Waliosajiliwa mchana wake hawakuwemo. Hilo aliliona, akajiambia maabara watawaingiza tena. Ambalo hakuliwaza ni kwamba jedwali likirudi alfajiri, na namba nazo zinarudi alfajiri. Lilishatoa 8127 mchana, halikukumbuka, likaitoa tena Jumamosi kwa mtu mwingine. Wifi alikuwa na utepe mkononi, lakini ndani ya mfumo hakuwepo kabisa.

Akampigia kaka, haikupokelewa. Akapiga wodini, ikaita hadi ikachoka. Basi akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki chini ya meza. Akaruka ndoo ya mpiga deki, akateleza, akashika ukuta, akaendelea. Alijiona kwenye mazishi, amekaa karibu na kaka yake, hana la kumwambia.

Wodini, mfuko wa damu ulikuwa umeshatundikwa. Nesi alikuwa anapangusa mkono wa wifi kwa pamba, sindano tayari.

"Acha! Usimwekee!"

"Mama Mtandao, vipi tena? Utaamsha wodi nzima."

"Hiyo siyo damu yake."

"Namba hii hapa, tazama." Nesi akauinua mkono wa wifi wenye utepe. "Si wewe uliyetufundisha tulinganishe namba tu?"

"Namba ina watu wawili. Ishushe, dada yangu, nakupigia magoti."

Nesi akamtazama usoni, kisha mguuni palipokosa kiatu. Akaushusha mfuko.

Kaka akajibwaga kitini. Wifi, midomo imepauka, akamkodolea macho. "Kwa hiyo ndiyo nilikuwa nife kwa kompyuta yako?" Wakacheka wote, kicheko kile cha watu wanaotetemeka, na Mama Mtandao akajikuta analia papo hapo.

"Na damu yako mwenyewe ilikuwepo," nesi akamwambia wifi. "Tungeukuta ule mfuko uliotengewa tangu Ijumaa, ungekuwa umeshaisha mwilini. Tulipotuma mtu kwenye friji, hakukuwa na mfuko wa 8127. Ulichukuliwa asubuhi. Ndiyo tukaomba mwingine, kwa kundi lile la kwenye skrini."

Mama Mtandao akaacha kulia.

"Ulichukuliwa na nani?"

Mama Mtandao hakungoja jibu.

Akageuka bila kuaga. Kutoka wodi ya wazazi hadi ya wanaume ni korido moja ndefu, na hakufika katikati. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja mbio upande wake, blanketi mkononi, akaona kitambulisho chake shingoni na kumshika mkono.

"Dada, wewe si wa hapa? Nisaidie, simwoni nesi. Baba anatetemeka tangu wamwekee damu, na mgongo unamuuma sana. Wamesema tukiwa na shida tutaje namba. Namba yake ni..."

"Naijua," alisema Mama Mtandao.