Mnadi Aliyetazamishwa Ukuta

Katika mji wote wa Molepolole, Botswana, hakuna aliyewahi kumnyamazisha Rra, yaani Bwana, Oteng Seboko. Alikuwa mnadi wa ng'ombe. Ndama kimbaumbau akipita mdomoni mwake alitoka fahali, na mtu aliyekuja mnadani kuchungulia tu alirudi kwake akiswaga mitamba minne, asijue atamweleza nini mkewe.

Jumamosi moja mkewe, Mma, yaani Bibi, Segametsi, aliteguka kifundo cha mkono, na siku hiyo hiyo binti yao Keneilwe, wa miaka kumi na miwili, alikuwa na mechi ya bocha. Mikono ya Keneilwe haikumtii tangu azaliwe. Alicheza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akisukuma mpira kwa kijiti kilichofungwa kwenye kofia, nao ukiteremka kwenye mfereji wa mbao hadi uwanjani. Ambaye mpira wake utaukaribia zaidi mpira mweupe, ule wa kulengwa, ndiye mwenye pointi. Mama ndiye aliyekuwa akimsogezea mfereji.

"Leo utanisaidia wewe, Baba," akasema Keneilwe. "Ila kuna sheria mbili. Huruhusiwi kutazama uwanja, na huruhusiwi kusema."

"Kusema nini?"

"Chochote."

Rra Oteng akamgeukia mkewe apate utetezi. Mkewe alikuwa ameshughulika sana na bandeji yake.

Ukumbini akaketishwa uso kwa uso na ukuta, mgongo uwanjani. Mpinzani alikuwa Thuso, mvulana mwenye miwani kutoka mji wa Kanye, na msaidizi wake alikuwa shangazi yake, mwanamke aliyetulia kama mtungi.

"Kushoto," Keneilwe akaamuru. "Zaidi. Baba, nimesema kushoto, sijasema Afrika Kusini. Rudisha. Hapo. Toa kidole."

Mpira ukateremka. Ukasikika mgongano, na watu wakaguna. Sasa, Rra Oteng alikuwa mtu aliyeishi kwa kusoma miguno ya watu. Shingo yake ikazunguka yenyewe, bila kumwomba ruhusa.

Mwamuzi akanyoosha mkono. "Msaidizi amegeuka. Mpira wa ziada kwa Thuso."

Thuso akautumia mpira huo kujipatia pointi.

"Baba," akauliza Keneilwe, "hiyo shingo ni ya nani?"

Rra Oteng akafungua kinywa amjibu, akakumbuka, akakifunga.

"Vizuri," akasema binti yake.

Raundi zilizofuata alitafuna leso. Aliujua ukuta ule kuliko aliyeupaka rangi. Jasho lilimtiririka, na maneno yakamjaa kifuani kama maziwa yanayotaka kufurika sufuriani. Lakini hakugeuka tena, na pointi moja moja Keneilwe akamfikia Thuso, wakawa sare.

Keneilwe akabakiwa na mpira mmoja. Ule wa Thuso ulikuwa umeegemea mweupe, upande wa kushoto wa uwanja. Rra Oteng aliusikia kwa masikio yake ukifika huko.

"Kulia," akasema Keneilwe. "Zaidi. Zaidi kidogo."

Mtoto amepotea, akawaza. Mkono wake ukasita juu ya mfereji.

"Baba." Sauti ilikuwa ya upole. "Kati yetu nani anaona?"

Akausogeza kulia.

"Weka mpira juu kabisa."

Akauweka. Ukashuka kwa kasi. Ko. Halafu ko nyingine. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Rra Oteng alibaki na ukuta wake.

"Rra, imekwisha," akasema mwamuzi. "Unaweza kugeuka."

Hakugeuka. Kugeuka kulikwisha kumponza mara moja.

"Geuka, Baba," akasema Keneilwe, ndipo akageuka.

Mpira wa mwisho ulikuwa umeugonga mpira mwingine wa Keneilwe uliolala kulia, na huo ukaserereka kushoto, ukaufurusha wa Thuso na kukaa pale pale ulipokuwa wa Thuso. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaitoa leso mdomoni, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mlangoni shangazi yake Thuso akamshika mkono. "Hongera, Rra. Sijaona mwanamume mkimya kama wewe. Kwani unafanya kazi gani?"

"Mnadi."

Yule mama akacheka mpaka akaegemea mlango. "Na mzaha pia unaujua."

Keneilwe akamwacha acheke, kisha akamwambia baba yake, "Jumatatu tunafanya mazoezi."

"Jumatatu nina mnada, mwanangu."

"Basi Jumanne. Na shingo uje nayo imenyooka."

"Ndiyo, Mma," akajibu Rra Oteng, akakisukuma kiti hadi kwenye gari.