Kiti cha Koko Kililowa

Mwaka wa tatu wa vita, askari wa baryeri, vizuizi vya barabarani, walikuwa wakinyonya petroli, ile esansi, kwenye tanki za magari ya watu. Kwa hiyo baba yangu, Lusenge, aliacha kutumia tanki. Aliweka bido, dumu la lita ishirini la esansi, juu ya ubao, nyuma ya kiti cha abiria cha kamionete yetu, akalifunika blanketi. Kutoka hapo mpira ulishuka, ukapita kwenye tundu la bati la kiti, ukaenda hadi kwenye injini. Pompu ilikuwa imekufa zamani. Esansi iliteremka yenyewe. Kamionete hiyo ilinizidi miaka mitano.

Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya mekanika, msichana peke yangu katika darasa. Jumatano niliona mipira ya esansi imepasuka kama kisigino cha mkulima, nikamwambia baba tuibadilishe yote. Tulifanya kazi uani, mbali na moto wa mbabula ya mama. Tulingoja injini ipoe, nikatoa kebo ya betri, nikamimina esansi kwenye ndoo ya chuma na kuifunika. Nilifunga mipira mipya kwa kolie, vile vibano vya chuma, nikazikaza polepole nisije nikaikata.

Jambo moja lilibaki. Ukingo wa lile tundu la bati ulikuwa mkali. Nilitaka kukata pete katika ndala kuukuu, niivike pale ili bati lisiule mpira. Lakini ndala iliyokuwa karibu ilikuwa mguuni mwa baba, nikaona haya kumwomba aivue. Nikasema moyoni, nitakata kesho.

Kesho yake asubuhi tulikuwa njiani kwenda Beni. Daktari wa macho alikuwa amekuja huko kwa siku mbili tu, na Koko Katungu, mama yake mama, alikuwa haoni tena isipokuwa kivuli. Katika ukoo wetu mama mkwe na mkwewe hawasemezani. Basi nilikaa katikati yao kama ukuta, na maneno yalipita kwangu.

"Ambia papa yako, anatembeza kama mutu anabeba mayai," alisema Koko.

"Ambia koko yako, barabara iko na mashimo," alisema baba.

Sikumwambia yeyote. Walikuwa wameshasikia.

Ndani ya kamionete kulinuka esansi. Nilidhani ni mikono yangu, niliyoiosha kwa sabuni mara tatu. Pua ya Koko ilikuwa imekufa kwa ugoro. Baada ya saa moja aliacha utani. Alinikamata mkono na kuubana.

"Unaumwa, koko?"

Akatikisa kichwa.

Tulifika kwenye baryeri iliyo juu ya mlima. Baba akazima injini. Askari mmoja akafungua tanki, akachovya kijiti, akakitoa kikavu.

"Papa, tank iko mukavu! Munatembea na maombi?"

"Inabakia kidogo, chef."

Wenzake walicheka. Yeye akazunguka hadi dirisha la Koko, sigara inawaka mkononi, akaegemeza kiwiko kwenye mlango.

"Na huyu mamu muzee, munamupeleka wapi?"

"Kwa docteur wa macho," alisema baba.

Hapo Koko akaniinamia sikioni. "Mwana wangu, nimejikojolea. Papa yako asijue."

Nikapitisha mkono chini ya kitenge chake. Kiti kilikuwa kimelowa, tena baridi. Mkojo huwa wa moto. Nikaleta vidole puani.

Ilikuwa esansi. Nakumbuka jivu la sigara, refu, limejipinda, shubiri moja kutoka magotini pa Koko. Nakumbuka ua jekundu kwenye kitenge chake. Kama ningesema ni esansi, askari angevuta blanketi kwanza na kutupa sigara baadaye. Nikamkumbatia Koko kwa nyuma kama mtu anayemtegemeza mgonjwa, nikaupapasa mpira nyuma ya kiti, nikaukunja kwa nguvu zangu zote ili esansi isishuke. Na mimi, niliyekataa kusoma somo kanisani kwa sababu sauti yangu haitoki, nikapiga kelele:

"Chef, rudi nyuma! Koko amejikojolea! Kiti muzima!"

Aliruka kama aliyekanyaga nyoka. "Eh! Kumbe ndiyo harufu! Mutoke, mutoke, munatuozeshea baryeri!"

Koko alijifunika uso kwa kitambaa. Baba alitazama mbele, shingo imemvimba kwa aibu, akapeleka mkono kwenye ufunguo. Nikamkamata mkono kwa mkono wangu uliokuwa huru.

"Papa, usiwashe! Achilia breki."

"Nini?"

"Achilia tu!"

Sikuwa nimewahi kumwamuru. Akaachilia. Kamionete ikateremka mlima bila sauti, na nyuma yetu wakapiga makofi: "Maombi imeisha!"

Kwenye kona, penye migomba, baba alisimamisha kamionete. Nilifunga mpira kwa kamba, nikamshusha Koko, nikamvua kitenge palepale barabarani, nikamfunga sweta yangu kiunoni. Baba alikuwa ametugeuzia mgongo. Nikamtupia kitenge begani. Alikinusa. Akaketi chini kwenye vumbi.

Mpira ulikuwa umekatwa pale kwenye tundu, urefu wa ukucha.

"Ni nini?" aliuliza Koko.

"Ni esansi, koko. Mimi sikuweka pete ya ndala pale bati inakata mpira. Hapana weye."

"Hapana mie?"

"Hapana."

Akalia, kisha akacheka, machozi bado yanashuka. Alifurahi kuliko mtu aliyepona. "Ambia papa yako! Ambia ye, hapana mie!"

Nilifungua kinywa niyapeleke maneno yake, lakini baba alinitangulia.

"Nimesikia, mama," alisema baba, uso kwenye migomba.

Koko akafuta machozi. Kisha akavua ndala ya mguu wa kushoto na kuinyoosha kuelekea ile sauti. Baba aliinuka, akaipokea kwa mikono miwili, akaniletea pamoja na kisu.

Nilikishika kisu. Nikakata pete katika ndala ya Koko. Nikaivika kwenye ule ukingo mkali wa bati.