Jiko Jipya

Kichwa cha Dada Mkubwa kilikuwa ndani ya oveni, mabega yamebana mlangoni, aliposikia mdogo wake akisema nyuma yake, "Dada, usijichoshe na hilo kopo. Jumamosi naleta jiko jipya."

Akajigonga kwa furaha. "Wewe! Unanitania?"

"Muulize fundi."

Fundi wa umeme, rafiki wa mdogo wake tangu utotoni, alikuwa amekuja kuitazama koili ya oveni, maana siku hizi ilioka upande mmoja na kuuacha mwingine mbichi. Aliegemea friji, bisibisi mfukoni. "Jiko la nguvu, Dada. Nimeliona kwa macho yangu. Ukiligusa tu, limeshika moto."

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Dada Mkubwa naye akacheka, magadi ya kusafishia yamemganda kwenye nyusi.

Oveni ile ilikuwa ya mama yao. Mama alipofariki, ilimbakia yeye, pamoja na mdogo wake, mvulana wa darasa la pili. Mikate iliyotoka humo ndiyo iliyomvisha mvulana sare, ikamfikisha kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Wachumba wawili walibisha hodi miaka hiyo. Wote aliwaambia ana mkate motoni.

Aliitunza kama mgonjwa asiye na mwingine wa kumwangalia. Kwanza kuchomoa waya ukutani. Kisha kungoja ipoe kabisa, hata kama kazi imejaa. Uji mzito wa magadi kwenye kuta, kamwe si kwenye koili; siki kidogo, kitambaa chenye unyevu. Mpira wa mlango aliupangusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kwani ukichanika joto lote hutoroka.

"Na hili la zamani tulipeleke wapi?" aliuliza.

"Tutalitafutia pa kwenda," alijibu mdogo wake, macho kwenye simu.

Wiki nzima alihangaika. Alisogeza kabati, akasugua ukuta uliokuwa nyuma yake mpaka rangi ya zamani ikaonekana, akadeki sakafu pale jiko jipya litakapokaa. Fundi alipopita, alimuuliza, "Upana wake je? Nisije nikabana nafasi."

"Jembamba, Dada. Jembamba la kupendeza," fundi alisema, ikambidi atoke nje kukohoa.

Jumamosi alioka mkate wa mwisho, ili jiko jipya likute nyumba inanukia. Gari liliposimama alitoka mbio na vitambaa vya kushikia.

"Liko wapi? Niwasaidie kubeba!"

Mlango wa gari ukafunguliwa. Akashuka msichana aliyevaa gauni jeupe, maua mkononi. Fundi alikuwa ameinua simu, anarekodi.

"Dada," mdogo wake alisema, huku akijizuia kucheka, "jiko ndilo hili. Tumetoka kufunga ndoa."

Gari zima likalipuka kwa vicheko. Na neno lilikuwa la Dada Mkubwa mwenyewe. Kila mwaka alimchokoza: jamani, utaniletea lini jiko humu ndani? Aliitafuta sauti ya kucheka, akaipata wakati wenzake wameshanyamaza.

"Karibu, wifi yangu. Karibu sana."

Bibi harusi akamtazama aproni, akamkabidhi mkoba. "Ahsante. Niwekee chumbani, dada."

Hilo neno dada alilitamka kama watu wanavyomwita msichana wa kazi. Mdogo wake alisikia. Alikuwa akiondoa uzi kwenye bega la koti lake.

"Chumba kipi?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Chako, Dada. Si ndicho chenye dirisha kubwa? Wewe utalala jikoni, pale ulipopasafisha." Akamgeukia fundi. "Nisaidie godoro."

Walilikokota ukumbini, shuka linaburuta. Bibi harusi alichungulia jikoni, akavuta mlango wa oveni ambao tangu zamani haukufungika vizuri, akauachia. "Hili nalo?"

"Litaondoka. Fundi atalichukua Jumatatu."

Godoro likaingia pale karibu na ukuta, likaenea sawasawa. Wakatoka kwenda kupiga picha uani.

Dada Mkubwa alitoa mkate. Akachomoa waya ukutani. Akachota magadi, akayakoroga kwenye bakuli, akaketi ukingoni mwa godoro, bakuli mapajani, akingoja oveni ipoe.